Uzi wa Kijani Kwenye Waya wa Sauti

Kwa miaka kumi na tisa meza ile haikubeba kitu kingine isipokuwa cherehani. Hata kikombe cha chai hakikuruhusiwa kukaa juu yake. Mgeni aliyejisahau akakiweka, alikiona kikinyanyuliwa kimya kimya na kupelekwa dirishani, na somo akalipata bila kufundishwa. Ndiyo maana asubuhi ile ya Alhamisi, mzee alipotoka kunawa uso akaikuta cherehani iko sakafuni kando ya kabati, imefunikwa shuka kama mgonjwa, alisimama mlangoni na taulo shingoni. Akaitazama meza, akaitazama cherehani, kisha akamtazama mkewe.

"Umestaafu?" akauliza.

"Nimeiazima meza tu," mkewe akasema, huku akigeuka amwelekee ili midomo yake ionekane. "Leo ni yako, si yangu."

"Ndiyo, ndiyo," mzee akajibu, akaendelea kujifuta.

Mama Cherehani, maana mtaa mzima ulimwita hivyo, aliijua ile ndiyo. Mumewe alikuwa na ndiyo za aina mbili. Kulikuwa na ndiyo ya kukubali, ambayo hutoka moja peke yake na kusimama. Halafu kulikuwa na ndiyo ya kutosikia, ambayo hutembea mbili mbili kama soksi.

Mzee alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na mmoja katika kiwanda cha nguo, akitengeneza mashine za kufuma. Enzi hizo walimwita Sikio. Alikuwa akisimama mlangoni mwa banda lenye mashine arobaini zinazonguruma kwa pamoja, anainamisha kichwa kidogo kama mtu anayenong'onezwa, kisha anasema, "Ya saba. Upande wa kulia." Wanakwenda kuangalia, wanakuta ni ya saba, upande wa kulia. Wageni walidhani ana uganga. Wenzake walijua ni masikio tu, na kwamba kabla ya masikio kulikuwa na sheria yake moja. Mashine ikisimama, vijana wote walikimbilia mota. Yeye aliinama akautafuta uzi uliokatika au kujisokota, akauchukua, akauweka kiganjani mwa yule aliyekuwa akiilaumu mota, akaondoka bila neno. "Tazama uzi kwanza," ndivyo alivyokuwa akisema siku alizokuwa na maneno mengi.

Mashine zile zile zilizompa jina ndizo zilizomla masikio. Sauti nyembamba ziliondoka mwanzo: ndege, filimbi, kengele ya mlangoni. Zikabaki nzito, kama radi, lori lenye mzigo, mlango unaobamizwa na upepo. Maneno ya watu yalimfikia kama uji, hakuna punje ya kushika. Sikio la kulia likafunga kabisa, la kushoto likabaki na ufa mdogo. Hapo akajifunza kusoma midomo, na pale midomo ilipokuwa na haraka akajifunza kusema ndiyo, ndiyo.

Siku moja jirani alimpa habari za kwake, kwamba mama mkwe wake amelazwa na hali si nzuri. Mzee akatabasamu akasema, "Vizuri sana, na iendelee hivyo hivyo." Jirani alicheka hadi akashika ukuta, tena alikuwa wa kwanza kumtetea. Lakini mzee alipoelezwa baadaye, aibu ilimwingia mwilini kama baridi. Tangu hapo hakupenda kutoka. Alikaa kwenye kiti chake cha pembeni, uso umeelekea ukutani, na nyumba ikawa na watu wawili na sauti ya cherehani.

Ungemuuliza Mama Cherehani ni nini kilimuuma, asingesema uziwi. Uziwi ni ugonjwa kama mwingine. Kilichomuuma ni kwamba mumewe ameacha kuuliza, "Umesemaje?" Mtu anayekuuliza umesemaje bado yuko nawe, anakutaka. Anayekupa ndiyo mbili ameshafunga mlango na kukuachia dirisha.

Basi, wiki tatu kabla ya Alhamisi hiyo ulikuja ujumbe kwenye simu. Aliyeuandika alikuwa mwanamke ambaye zamani, akiwa binti mdogo, alikabidhiwa kwa mzee afundishwe kushika spana. Sasa alikuwa msimamizi wa kiwanda kingine, mbali, mwendo wa siku moja na nusu, ambao magoti ya mzee yasingeuweza. Kiwanda chake kilinunua mashine kumi na nne kuukuu, aina ile ile. Tatu zilifanya kazi. Kumi na moja zilisimama kama makabati, na vijana wa pale hawakujua waanzie wapi. Wenye kiwanda walikuwa wamechoka kungoja. Alhamisi saa sita mchana wangeamua: apatikane mtu wa kuwafundisha vijana, au mashine ziuzwe chuma chakavu. Msimamizi aliomba nafasi moja tu. Saa nne asubuhi mzee aione mashine kwa kompyuta, aisikie, aseme ina nini. Ikiwa ataweza, kila Alhamisi atafundisha akiwa nyumbani kwake.

Mzee alisoma ujumbe ule mara nne. Akajibu neno moja, "Nitajaribu." Na kuanzia kesho yake, kwa wiki tatu, alinyoa ndevu kila asubuhi.

Simu isingefaa. Midomo kwenye simu ni midogo kama ya kuku, nani ataisoma? Binti yao mkubwa alikuwa amewaachia laptopu yake ya zamani. Kioo chake kilikuwa kimepasuka, nusu kimekuwa cheusi, lakini roho yake ilikuwa nzima na kamera yake ilikuwa inaona. Kilichokosekana ni skrini nyingine ya kuunganisha, kubwa, ili mdomo wa mtu uwe mpana kama sahani. Hiyo ilitoka kwa fundi wa kompyuta, mwanamke kijana mwenye duka la kona, ambaye Mama Cherehani alimshonea pazia la mlango. Jumatano mchana fundi alikuja nayo mwenyewe, ameikumbatia kama mtoto.

"Bibi, hapa hakuna uchawi," fundi alisema, akizitandaza nyaya juu ya zulia. "Huu mnene ni wa umeme, unaujua. Huu wenye kichwa cha bluu ni wa picha. Ndani una meno membamba, na pembeni una skrubu mbili kama masikio. Ukiulazimisha, umeyapinda meno. Ukiuelekeza vizuri, unaingia wenyewe, halafu unakaza skrubu kwa vidole. Na huu mwembamba kama tambi ni wa sauti."

"Kwa nini picha na sauti zisipite njia moja?"

"Siku hizi kuna waya unaobeba vyote viwili. Lakini skrini yako ni ya zamani, bibi. Enzi zake picha na sauti walikuwa hawajaoana."

"Na waliishi vizuri?"

"Walitembeleana."

Mama Cherehani akacheka puani. Alimpenda fundi huyu. Hakuwa na ile tabia ya kushika kila kitu mwenyewe halafu akakwambia umeona. Alimwachia ashike, akose, arudie.

"Wa sauti unatoka kwenye tundu la pembeni la laptopu, unaingia nyuma ya skrini," fundi aliendelea. "Uingie mpaka shingoni. Ukiona chuma kinachungulia, bado. Na hedifoni ya babu inaingia hapa chini ya skrini. Ikiwa ndani, spika zinanyamaza, anasikia yeye peke yake. Na mvua ikianza kupiga radi, bibi, chomoa vyote. Usiseme sikukwambia."

Walijaribu. Picha ikaja, kubwa na safi. Sauti ya mtangazaji wa habari ikatoka kwenye spika na kujaa chumbani. Mzee hakuwapo kuisikia, alikuwa ameenda kwa kinyozi. Fundi akaenda zake, na mambo yakawa yamekamilika.

Sasa jioni ile radi ikapiga.

Mama Cherehani hakuwa mtu wa kupuuza alichoambiwa. Lakini pia hakuwa mtu wa kufumua kitu bila kukiwekea alama. Gauni lolote alilolifumua maishani mwake, kwanza alilitia nyuzi za rangi: mkono wa kulia rangi hii, wa kushoto rangi ile, ili kesho vipande visigombane. Hivyo kabla ya kuchomoa chochote alifungua kopo la nyuzi. Waya wa umeme akaufunga uzi mweusi. Wa picha akaufunga mwekundu, na tundu lake nyuma ya skrini akalibandikia kitambaa chekundu kidogo kama ukucha. Wa sauti akauchagulia kijani. Huo ulimsumbua, maana ulikuwa unateleza, uzi ukifungwa kwenye waya unashuka. Akaona bora aufunge pale penye shingo, ambapo plastiki inaishia na chuma kinaanza. Akazungusha mara sita, akavuta, akapiga fundo la kushonea vifungo vya koti. Mwisho huu na mwisho ule. Kisha akaandika yote kwenye daftari la vipimo, chini ya kiuno na mabega ya mwalimu mmoja aliyekuwa anangoja suti. Akalala na moyo mweupe.

Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wa kale, na huenda aliyesema alikuwa fundi wa nguo.

Alhamisi, saa mbili na nusu, akaanza kuunganisha. Alifanya bila haraka, kama anavyotia uzi kwenye sindano. Wa umeme, mweusi, ukaingia. Wa picha akauelekeza, akausikilizia kwa vidole, ukateleza ndani kama mkono kwenye glavu, akakaza zile skrubu mbili moja baada ya nyingine. Akabonyeza kitufe. Skrini ikapepesa, ikatulia, ikaonyesha picha ya binti yao akicheka, ile aliyoiweka kwenye laptopu zamani. Mama Cherehani akamjibu kwa kutikisa kichwa, kana kwamba binti amemsalimu.

Kisha wa sauti. Upande wa laptopu ukaingia, ukagoma kidogo, akasema moyoni kwamba umefika. Upande wa nyuma ya skrini aliuingiza kwa kupapasa, maana meza ilikuwa imegusa ukuta. Nao ukaingia, ukagoma kidogo, ukatulia. Alitaka kujaribu sauti. Lakini mzee alikuwa ameshavaa hedifoni, waya wake uko tundu la chini, yeye amekaa wima, shati limepigwa pasi, saa moja nzima kabla ya wakati, kama msafiri aliyewahi kituoni asije akaachwa. Mama Cherehani hakuwa na moyo wa kumwambia avue.

"Uko sawa?" akamuuliza kwa midomo.

Mzee akainua kidole gumba.

Saa nne kamili skrini ikaita kwa kupepesa. Mama Cherehani akabonyeza pale alipofundishwa, na mwanamke mwenye kitambaa kichwani na koti la bluu akajaa mbele yao. Nyuma yake zilionekana mashine, na wanaume wawili waliovaa mashati meupe wamekunja mikono. Msimamizi alitabasamu kwa uso mzima, akaanza kusema. Midomo yake ilikuwa mipana kama ilivyoombwa, lakini alikuwa na furaha, na furaha ina haraka. Tena kila baada ya maneno mawili alikuwa akigeuka kuonyesha kitu nyuma yake.

Mzee akainama mbele. Akalisogeza sikio la kushoto, kana kwamba hedifoni ni dirisha. Uso wake ukawa unatafuta.

"Ndiyo, ndiyo," akasema.

Msimamizi akatulia, akauliza tena. Hata Mama Cherehani, aliyekaa pembeni, aliona kwamba ni swali, maana nyusi zilipanda na kungoja.

"Ndiyo, ndiyo."

Wanaume wa mashati meupe wakatazamana. Mmoja akaitazama saa yake. Msimamizi akawaonyesha vijana kwa mkono, wakaiwasha mashine moja nyuma yake, na Mama Cherehani akaiona inaanza kutupa mkono wake huku na huku. Mzee akafumba macho asikilize. Akakaa hivyo, akangoja. Halafu kitu kikashuka usoni mwake, taratibu, kama pazia linaloachiwa kamba.

Akavua hedifoni, akaziweka mezani kwa adabu, kama mtu anayevua kofia msibani.

"Yamekwisha," akasema, si kwa mkewe wala kwa mtu. "Hata la kushoto. Ile mashine ningeisikia nikiwa kaburini. Waambie watafute mtu."

Akainuka, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Mama Cherehani alibaki na watu wale wote mbele yake, midomo ikicheza bila sauti, naye hajui hata aanzie wapi kuomba radhi. Mikono yake ikafanya kabla ya akili. Akavuta kipande cha kitambaa cheusi kutoka kapu la suti ya mwalimu, akachukua chaki ya kukatia, akaandika kwa herufi kubwa: SUBIRINI DAKIKA TANO. Akakiinua mbele ya kamera. Msimamizi akasoma, akainua vidole vitano.

Na hapa ndipo penye aibu ya Mama Cherehani, aliyoisimulia baadaye mwenyewe bila kujificha. Yeye pia aliamini. Alikaa pale akaamini kwamba masikio ya mumewe yamekufa asubuhi ile, tena siku ile ile. Nyumba ilikuwa imezoea kulaumu masikio. Kengele ya mlangoni iliwahi kuharibika, wakakaa miezi miwili, wageni wanabonyeza hadi wanachoka. Yeye yuko kwenye cherehani hajali, mzee anadhani ni masikio yake, na hakuna aliyeenda kuitazama kengele.

Alivaa hedifoni kwa sababu moja tu, ili amwambie msimamizi asante na kwaheri, na asikie akijibiwa.

Hakusikia kitu. Kulikuwa na mchakacho wa mbali, kama maji yanayopita kwenye bomba la nyumba ya jirani, basi. Msimamizi alikuwa anaongea na wenzake, mdomo wazi, mkono hewani, na neno halikufika. Mama Cherehani akazigonga hedifoni kwa kidole, kila upande. Wazo lilikuja polepole, likakaa kitako.

"Mimi," akajiambia, "sijafanya kazi kiwandani hata siku moja."

Masikio yake yalikuwa yanasikia sindano ikianguka kwenye zulia. Kama yeye hasikii, basi kosa haliko kichwani mwa mtu.

Akaanza kufuata waya kama anavyofuata mshono uliopinda, kwa ncha ya kidole, sentimita kwa sentimita, kutoka hedifoni hadi skrini. Pale pazima. Akaivuta meza kutoka ukutani, miguu ikalia sakafuni. Akavaa miwani ya kushonea. Nyuma ya skrini, kwenye tundu la sauti, aliuona uzi wake wa kijani, mizunguko sita, fundo la koti. Uzi ulikuwa umeteleza kutoka kwenye plastiki ukajikusanya juu ya chuma kama kola ya sweta. Na chini ya kola hiyo, chuma kilikuwa kinachungulia. Kidogo, unene wa kucha mbili hivi, lakini kinachungulia. Akageukia laptopu. Na huko pia.

Alichukua mkasi mdogo, ule wa kukatia ncha za nyuzi. Akakata mzunguko mmoja mmoja, ncha ya mkasi ikielekea nje ili isiguse waya, akavuta uzi wote, akausukuma waya kwa kidole gumba. Ukaingia. Akausikia kidoleni unapokaa mahali pake, tak, mdogo kama kifungo cha mto. Akafanya vivyo hivyo upande wa pili, na hapo ngurumo ikamwingia masikioni kwa nguvu hata akarudi nyuma hatua moja. Mashine ilikuwa inapiga, dum, dum, na juu yake sauti ya msimamizi ilikuwa safi kama iko chumbani.

"…ndiye aliyenishika mkono nikiwa sijui tofauti ya spana na mwiko," alikuwa anasema. "Amesema dakika tano. Mimi nitazingoja zote tano."

"Lakini mama, mbona ni kama hasikii?" sauti ya kiume ikauliza.

"Wewe ngoja."

Mama Cherehani alivua hedifoni, akatoka nje kwa mwendo ambao magoti yake hayakuwa yameuona siku nyingi.

Mzee alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, kando ya bomba la maji, ameupa mlango mgongo. Kumwita kusingesaidia. Akazunguka akasimama mbele yake.

"Mzee, rudi ndani. Kosa ni langu."

"Ndiyo, nd…"

"Hapana. Leo usinipe zile mbili mbili. Nitazame."

Akamshika mkono, akaufungua, na kiganjani mwake akaweka uzi wa kijani. Vipande vifupi vifupi, vimejikunja, na fundo moja bado zima. Kisha akanyamaza, kama alivyokuwa akinyamaza yeye.

Mzee aliutazama. Wake wengi hueleza na kueleza. Huyu alikuwa amemwekea uzi kiganjani, na kwa miaka thelathini na mmoja uzi kiganjani ulikuwa na maana moja tu. Akausokota kati ya vidole viwili.

"Ulikuwa wapi?"

"Shingoni mwa waya wa sauti. Uliuzuia usifike. Nimevaa mwenyewe zile hedifoni, nami sikusikia kitu."

"Wewe pia?"

"Mimi pia. Sasa inanguruma hadi nimeruka."

Mzee akahesabu vipande. "Mizunguko mingapi?"

"Sita."

"Sita," akarudia. "Kwa nini sita?"

"Nilitaka uwe imara."

Tumbo la mzee lilianza kutikisika kabla uso haujajua. Alicheka bila sauti, machozi yakamjaa, na Mama Cherehani hakuuliza ni ya kicheko au ni ya kitu kingine. "Wanawake arobaini wa kufuma nimewafundisha kutazama uzi kwanza," mzee akasema, akishika goti ainuke, "na mke wangu nimemwacha nyumbani bila somo."

"Ulinifundisha. Wewe ndiye uliyekimbilia mota."

Mzee akautia uzi mfukoni mwa shati. Wakaingia ndani.

Alivaa hedifoni, akakaa, na mashine ile ilikuwa bado inazunguka. Mama Cherehani hakutazama skrini. Alimtazama yeye. Aliona mabega yanashuka, kichwa kinainama kidogo upande wa kushoto, kama mtu anayenong'onezwa. Hakuwa amemwona akikaa hivyo kwa miaka saba.

Msimamizi akaanza kusema tena, na tena akageuka pembeni katikati ya neno. Mzee akainua mkono.

"Hapo mwisho sijasikia," akasema kwa sauti ya wazi. "Rudia, mwanangu. Na usigeuke, nipe mdomo wako. Mashine naisikia vizuri kuliko wewe, ina sauti nzito kama ya mkwe."

Vijana wa nyuma wakacheka. Msimamizi naye akacheka, akarudia polepole: waanzie upande gani?

"Msianzie popote. Sogezeni hiyo kamera chini, kulia. Hapo. Sasa mnyamaze wote." Akafumba macho. Dakika nzima ikapita. "Inachechemea. Inapiga moja, mbili, tatu, halafu inavuta mguu. Mkanda wa ngozi, chini kulia, umelegea. Izimeni kwanza, mwangalie."

Wakaizima. Kijana mmoja akaingia chini ya mashine, miguu tu ikabaki nje. Kijana akatoka na mafuta shavuni.

"Mkanda ni mzima, mzee," akasema, akiusogeza uso karibu na kamera kama alivyoona msimamizi akifanya. "Ila boliti inayoushika imelika. Inacheza."

Mzee akaomba arudie, akarudiwa. "Boliti ni jirani yake mkanda," akasema. "Nisameheni, ni miaka saba hatujaonana, nimegonga mlango wa pili. Kazeni. Kama haikazi, wekeni nyingine, halafu iwasheni nisikie."

Waliiweka nyingine. Ilichukua robo saa, na mzee hakuivua hedifoni hata alipoletewa maji. Mashine ilipowashwa tena, Mama Cherehani hakuhitaji kusikia. Aliona kidole cha mumewe kikipiga gotini, sawasawa, bila kuvuta mguu.

Mmoja wa wale wenye mashati meupe akasogea mbele ya kamera. Hakutabasamu, hakuwa mtu wa hivyo. Alifungua kitabu chake kidogo, akaweka mdomo mbele kama wengine walivyofanya, akauliza, "Alhamisi ijayo, saa ngapi inakufaa, mzee?"

"Saa nne," mzee akasema. Akamtazama mkewe. "Meza inapatikana saa nne?"

Mkewe akatikisa kichwa kwamba inapatikana.

Skrini iliporudi kwenye picha ya binti yao anayecheka, mzee alivua hedifoni. Kisha akataka aonyeshwe zile nyaya, zote tatu, na akataka aziunganishe mwenyewe. Aliingiza wa picha, akakaza skrubu. Aliingiza wa sauti, akasikia ile tak kidoleni, akauchomoa, akauingiza tena ili aisikie mara ya pili. Mama Cherehani akafungua kopo lake, akakata uzi mpya wa kijani, akaufunga kwenye waya. Safari hii shubiri nzima kutoka shingoni, mizunguko miwili, na akautia tone la gundi ili usishuke. Kwenye daftari, chini ya mabega ya mwalimu, akaandika: Usiguse shingo.

Halafu akainama kando ya kabati kufunua cherehani. Suti ilikuwa inangoja na siku ilikuwa inakwenda. Alikuwa ameipa meza mgongo, na kwa kujisahau akasema na ukuta, kama watu wenye masikio wanavyosema:

"Sasa mimi na cherehani yangu tutakaa wapi?"

Akajua amekosea, akangoja zile mbili.

"Umesemaje?" mzee akauliza.

Mama Cherehani aligeuka polepole, shuka mkononi. Alimtazama ili midomo ionekane, akarudia swali lake lote tangu mwanzo, neno kwa neno, bila kuruka hata moja. Mzee alifikiri. Kisha akachukua futi ya kupimia kutoka shingoni mwa mkewe, akaitandaza juu ya meza kutoka ukingo hadi ukingo, akaanza kupima.